Nimeambiwa homoni zangu zimevurugika: ninunue dozi ya mitishamba na vitamini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Tanga, nimeolewa huu mwaka wa tatu. Nilikuwa natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ya mwisho nilichoma miezi minane iliyopita. Hedhi imerudi lakini haieleweki: mara siku 40, mara 55, mwezi mwingine inaruka kabisa. Hata nilipokuwa shule ilikuwa hivyo hivyo. Nina chunusi, ndevu chache kidevuni, na uzito umeongezeka. Nilienda kwenye duka moja la virutubisho, wakanishikisha kichuma kilichounganishwa na kompyuta, ikatoka karatasi inayosema homoni zimevurugika na kizazi kina sumu. Dozi ya kubalansi homoni ni shilingi 480,000 kwa miezi mitatu: vidonge vya maca, vya vitex, vitamini E, mafuta ya evening primrose na chai ya kusafisha kizazi. Mama mkwe anasema niachane nao, ninywe uwatu na habbasoda. Kwa sasa nameza vidonge vya nywele na kucha tu, nywele zilikuwa zinakatika. Nataka mtoto. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo 480,000 usiitoe kwanza. Sisemi hivyo kwa kudharau mitishamba, na nitaipitia dawa moja moja. Nasema hivyo kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyekupima.

Kile kichuma hakipimi homoni. Homoni ni kemikali zinazosafiri kwenye damu, tena kwa viwango vidogo mno, na ili kuzijua lazima maabara ichukue damu yako, au kwa baadhi yake mkojo au mate. Hakuna njia ya kuzisoma kupitia kiganja cha mkono. Jaribu siku moja kumshikisha shemeji yako wa kiume, usije ukashangaa naye akaambiwa kizazi kina sumu. Na hiyo “sumu ya kizazi” si ugonjwa unaojulikana popote katika tiba. Karatasi ile iweke kando. Tuangalie ulichoandika mwenyewe, maana maelezo yako yamebeba mengi kuliko kompyuta yao.

Kwanza, neno lenyewe “homoni zimevurugika” halitoshi kumtibu mtu. Homoni za mwanamke hazikai sehemu moja hata akiwa mzima kabisa. Estrojeni huwa chini siku za hedhi, hupanda hadi kilele siku chache kabla yai halijatoka, hushuka, kisha hupanda tena kidogo. Projesteroni karibu haipo nusu ya kwanza ya mzunguko. Huja baada ya yai kutoka, na kama mimba haikutunga huanguka, na huko kuanguka ndiko kunakoleta hedhi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni homoni gani, iko juu au chini, na kitu gani kimeifanya iwe hivyo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi taratibu, hedhi huvurugika. Prolaktini, homoni ya maziwa, ikipanda, hedhi huvurugika. Insulini ikizidi, hedhi huvurugika. Tiba za hao watatu hazifanani hata kidogo, na mwenye duka atawauzia wote boksi lile lile.

Sasa tuje kwako. Sindano ya miezi mitatu ina sehemu yake. Dawa yake hutoka mwilini polepole, na wanawake wanaoiacha hushika mimba kwa wastani kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Wengine mapema, wengine huchelewa zaidi ya hapo. Haiharibu kizazi, ingawa mtaani utaambiwa hivyo. Kwa upande huo, miezi minane si jambo la kutisha.

Lakini sindano haioteshi ndevu. Na umesema hata shuleni hedhi yako ilikuwa ya kuruka. Hedhi inayozidi siku 35 mara kwa mara tangu usichana, chunusi, nywele za kidevuni na uzito kuongezeka, vikija pamoja hivyo, mimi wa kwanza ningefikiria PCOS: hali ambayo vijiyai vingi huanza kukua kwenye ovari lakini hakuna kinachopevuka na kutoka kwa wakati, huku homoni za kiume ambazo kila mwanamke anazo kidogo zikizidi kiasi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba inampata mwanamke mmoja kati ya kila kumi hivi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui kama wanayo. Kwa mtu mzima, daktari huithibitisha akipata mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuwa juu, na ultrasaundi inayoonyesha ovari zenye vijiyai vingi. Wewe mawili ya kwanza umeyataja mwenyewe, ila ni lazima visababishi vingine viondolewe kwanza. Ndiyo maana sikupi jina la ugonjwa kupitia barua. Nakupa sababu ya kwenda hospitali.

Ukifika, kipimo cha kwanza ni cha mimba. Usicheke, wanaokuja na “homoni” wakaondoka na kadi ya kliniki si wachache. Halafu TSH kwa ajili ya tezi, prolaktini, testosteroni (homoni ya kiume), sukari, na ultrasaundi. FSH na LH, homoni zinazoiamuru ovari, zikihitajika huchukuliwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Projesteroni ndiyo inayokosewa sana: watu huambiwa “njoo siku ya 21”, lakini hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Inatakiwa ipimwe kama wiki moja kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 40 ni kama siku ya 33. Ukipimwa siku ya 21 na mzunguko wako huo, utaambiwa projesteroni hakuna na utauziwa dawa ya kitu ambacho muda wake haujafika. Anza leo kuandika tarehe za hedhi kwenye daftari au simu, umpelekee daktari.

Na hapa ndipo vidonge vyako vya nywele vinaingia. Angalia nyuma ya kopo kama vina biotini. Mwili unahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge vingi vya nywele na kucha vina 5,000 au 10,000. Biotini nyingi hivyo haikudhuru sana wewe, inaidanganya mashine. Vipimo vingi vya homoni hutumia biotini ndani ya kemikali zake, na ile ya ziada iliyo kwenye damu yako inaingilia: TSH inaweza kuonekana ndogo kuliko ilivyo, na homoni za tezi, projesteroni au testosteroni zikaonekana kubwa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili. Mtu anaweza kuanzishwa dawa ya tezi kumbe tezi yake haina neno. Acha vidonge hivyo angalau siku tatu kabla ya kutoa damu, na umwambie daktari uliwahi kuvitumia na ni vya nguvu gani. Nywele kukatika, tukiwa hapo hapo, mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, tezi, au kusuka kwa kubana sana.

Sasa dawa zenyewe, na nianze na za mama mkwe kwa heshima yake.

Uwatu una sifa kubwa pwani nzima, hasa kwa mzazi anayenyonyesha. Siku hizi sifa imeongezewa nyingine, kwamba una “projesteroni ya asili”. Hadithi hiyo ina chembe ya ukweli iliyopindishwa, na inafaa kuijua kwa sababu inatumika pia kuuza krimu na vidonge vya viazi vikuu vya mwituni. Ndani ya mbegu za uwatu, na ndani ya aina fulani za viazi vikuu, kuna kitu kinaitwa diosjenini, ambacho umbo lake la kikemia linakaribiana na la homoni zetu. Miaka ya 1940 mkemia wa Marekani, Russell Marker, alitumia viazi vikuu vya mwituni huko Meksiko kutengeneza projesteroni kutokana na diosjenini. Bei ya homoni hiyo ikaporomoka, na kazi yake ni miongoni mwa vilivyofungua njia ya vidonge vya uzazi wa mpango. Hiyo ni kweli kabisa. Ila Marker aliifikia projesteroni kwa hatua kadhaa za maabara, kwa kemikali na joto. Mwili wa binadamu hauna vimeng’enya vya kuifanya kazi hiyo. Ukinywa uwatu gunia zima, diosjenini itapita bila kugeuka projesteroni.

Kwa hiyo uwatu hauna faida? Una. Majaribio kadhaa yameonyesha mbegu zake hupunguza sukari ya damu kiasi, kwa sababu ya nyuzinyuzi zake na vitu vingine vilivyomo. Kwa mwenye PCOS hilo si dogo, maana wengi wao mwili wao hauitikii insulini vizuri, kongosho linatoa insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo ndiyo inayosukuma ovari kutoa homoni za kiume. Kijiko cha uwatu ulioloweka, kama chakula, sikukatazi. Usiutumie kama unatumia dawa za kisukari bila kumwambia daktari, maana sukari inaweza kushuka mno. Kama una mzio wa karanga au dengu, uepuke, kwani ni jamii moja. Na siku kipimo cha mimba kikisoma mistari miwili, rudi kwenye kiasi cha kiungo cha mchuzi tu; kiasi kikubwa kinaweza kuuchokoza mji wa mimba.

Habbasoda ni vilevile: majaribio madogo ya sukari na mafuta ya damu, hakuna ushahidi imara kwamba inarudisha hedhi. Kidogo kwenye mkate au asali, sawa. Dozi kubwa ya mafuta yake kwa mjamzito, hapana.

Kwenye boksi la dukani, chenye hoja nzito kidogo ni vitex. Ni tunda la mti wa nchi za Mediterania, na utafiti unaonyesha linagusa njia ya dopamini kwenye ubongo na kushusha prolaktini kidogo. Kuna majaribio yaliyoona nafuu kwa wanawake wanaosumbuliwa na matiti kuuma, hasira na huzuni siku za kabla ya hedhi. Hayo ndiyo matumizi yake. Kama prolaktini yako iko sawa, sioni inakwenda kusahihisha nini, na kama iko juu sana, nataka nijue kwa nini: inaweza kuwa dawa unayomeza, kwa mfano metoklopramaidi ya kichefuchefu au dawa za magonjwa ya akili, au uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, au kichwa kikiuma na macho yakififia, usikae na vitex nyumbani. Isichanganywe pia na dawa za kupevusha mayai wala vidonge vya majira.

Maca ni mzizi unaoliwa huko Peru, kwenye milima ya Andes. Kuna majaribio madogo kuhusu hamu ya tendo. Kupevusha yai, hakuna kilichothibitishwa. Mafuta ya evening primrose yamejaribiwa kwa matatizo ya kabla ya hedhi bila matokeo ya kuridhisha. Vitamini E haihitaji maneno mengi: upungufu wake ni nadra kwa mtu anayekula kawaida na kupikia mafuta ya mimea, na dozi kubwa huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu isigande.

Chai ya kusafisha kizazi ndiyo inayonikera. Mji wa mimba hujisafisha wenyewe kila hedhi, hauhitaji sabuni. Chai nyingi za aina hii ninazoletewa zina sanamaki, yaani unaharisha, tumbo linapungua, unaambiwa “uchafu unatoka”. Kinachotoka ni choo na maji na potasiamu. Na kama yai lilikuwa limetunga bila wewe kujua, chai usiyoijua viambato vyake si kitu cha kukaa nacho tumboni. Vile vya kuingiza ukeni, na kujifukiza kwa mvuke, viache kabisa. Huunguza na kuua bakteria wazuri wanaolinda uke.

Hujaniuliza nanaa, ila utaulizwa na mtu. Mwaka 2010 kulichapishwa jaribio lililofanyika Uingereza kwa wanawake wapatao 40 wenye PCOS: waliokunywa chai ya nanaa ya mkuki mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, testosteroni yao ilishuka, lakini ndevu, zilipopimwa kwa kipimo cha daktari, hazikubadilika. Jaribio dogo, muda mfupi. Chai ya nanaa ni tamu, haidhuru, kunywa ukipenda bila sukari. Tangawizi nayo ina kazi inayojulikana: unga wake, kati ya miligramu 750 na 2,000 kwa siku katika siku tatu nne za mwanzo wa hedhi, hupunguza maumivu ya tumbo. Inatuliza maumivu, homoni haizigusi kwa namna unayoitafuta. Mdalasini usizidishe kijiko, kwani aina nyingi za dukani zina kumarini, inayoumiza ini kwa dozi kubwa.

Vitamini? Hapa ninayo moja ambayo ningependa uanze hata kesho, na haimo kwenye boksi lao la 480,000. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku. Haitaleta hedhi. Inamkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi, kasoro inayotokea ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutunga. Mwanamke ambaye hedhi yake inaruka siku 55 ndiye atakayechelewa zaidi kujua kuwa ana mimba, kwa hiyo wewe unaihitaji kabla. Vidonge vingi vya foliki kwenye maduka yetu ya dawa ni vya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Hivyo vina watu wake, kama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye sikoseli au anayetumia dawa za kifafa. Muulize mfamasia cha mikrogramu 400, au chenye chuma na foliki pamoja kama damu yako ni ndogo. Pima damu kwanza, usimeze chuma kwa kubahatisha.

Vitamini D, kama unashinda ndani au unajifunika mwili mzima, inaweza kuwa pungufu hata kwenye jua la Tanga. Ikipimwa ikawa chini, irudishwe. Vitamini B6 husaidia baadhi ya wanawake wakati wa kabla ya hedhi, lakini dozi kubwa kwa miezi mingi huharibu neva, miguu inakufa ganzi. Yaani hata vitamini hii, ambayo ikizidi hutoka kwenye mkojo, ina kiwango chake. Kuna pia inositoli, inayouzwa sana kwa ajili ya PCOS. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema inaweza kufikiriwa, kwa kuwa madhara yake ni machache, ila faida iliyothibitishwa ni ndogo. Ukiwa na pesa ya ziada, sawa. Ukikopa ili uinunue, hapana.

Kinachofanya kazi kweli kama ni PCOS hakiuzwi kwenye boksi. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, mfano kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80, mara nyingi hutosha kurudisha mayai kutoka. Sikuambii ufe njaa. Angalia asubuhi yako: chai ya sukari vijiko vitatu, vitumbua vinne au chapati mbili, halafu saa sita ubwabwa. Mwili usioitikia insulini unateswa hapo. Chai bila sukari, yai au maharage asubuhi, ugali upungue mboga na dagaa viongezeke, soda iondoke, na utembee kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki. Kama kupevuka bado hakujarudi, kuna letrozoli, kidonge kinachomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, ambacho mwongozo ule ule unakiweka mbele kwa wanawake wenye PCOS wanaotafuta mtoto. Metfomini nayo husaidia baadhi. Kumbuka, metfomini yenyewe chimbuko lake ni mmea uliotumika Ulaya tangu zamani. Kwa hiyo mimi na mama mkwe hatugombani kuhusu mimea, tunagombana kuhusu dozi na kipimo.

Jambo moja usilicheleweshe. Ikipita miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, nenda ukaonwe hata kama huumwi. Ukuta wa mji wa mimba unaojengeka mfululizo bila kubomoka huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo kadiri miaka inavyokwenda, na kuizuia hatari hiyo ni vidonge vya siku chache tu vya jamii ya projesteroni vinavyoleta damu. Nenda haraka zaidi ndevu zikiongezeka ghafla ndani ya miezi michache au sauti ikianza kuwa nzito, kwani hiyo si PCOS ya kawaida.

Na ukienda, nenda na mume wako. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanamume ana mchango wake, akiwa peke yake au pamoja na mkewe, na wanawake wengi hunywa uwatu mwaka mzima kabla mume hajaombwa kupima mbegu hata mara moja. Akae siku 2 hadi 7 bila tendo, apeleke sampuli maabara, majibu huwa hayachelewi. Akikataa, mwambie daktari ndiye ameandika.